Safari ya Ofisi Meru au Embu: Maliza Mambo ya Pesa Kabla ya Kupanda Gari

Disemba ikikaribia, grupu la WhatsApp la ofisi huanza kuchangamka. Mmoja anataka kuona simba, mwingine anataka nyama choma na usingizi, na mweka hazina anatuma "tafadhali malizieni mchango" kila asubuhi. Siku ya safari ikifika, wengine tayari wamechoka na wengine wako na deni. Sasa hapo mapumziko yako wapi?

Safari nzuri ya kikundi haitaki ratiba ndefu. Inataka mambo machache mliyochagua vizuri, na pesa zilizopangwa mapema ili mkifika kule hakuna anayewaza bili. Tuchukue mfano wa Meru na Embu.

1. Chagueni upande mmoja

Kama mna siku mbili tu, msijaribu kumaliza kaunti zote mbili.

Mkienda Meru, kuna Mbuga ya Kitaifa ya Meru, iliyoanzishwa mwaka wa 1966. Huko ndiko Joy na George Adamson walikomrudisha porini simba Elsa, aliyejulikana duniani kupitia kitabu cha Born Free cha mwaka wa 1960. Kaburi la Elsa bado liko humo, na kuna hifadhi ya vifaru pia. Mjini Meru kuna jumba la makumbusho linaloonyesha boma la Wameru wa zamani.

Mkichagua Embu, teremkeni Mbeere hadi Hifadhi ya Mwea, pale Mto Thiba unapokutana na Tana. Kuna viboko, twiga, ndovu na ndege wengi. Jirani yake ni mabwawa ya Seven Forks, yanayozalisha umeme tangu Kindaruma ilipoanza mwaka wa 1968. Huenda hata simu yako imechajiwa na maji hayo!

Asubuhi moja ya matembezi, mchana wa kupumzika, jioni ya stori. Inatosha.

2. Mchango usimwaibishe mtu

Tuseme mko watu 20 na gharama yote ni shilingi 90,000. Mkigawa sawa, kila mtu analipa 4,500. Lakini 4,500 ya meneja si 4,500 ya anayefagia ofisi, na huyo wa pili mara nyingi atasema tu ana shughuli siku hiyo.

Jaribuni hivi: kampuni ilipe gari, shilingi 30,000. Zinabaki 60,000. Wakubwa watano watoe 6,000 kila mmoja, na wale 15 watoe 2,000. Hesabu imefunga na hakuna aliyeachwa nyumbani.

Anzeni miezi mitatu mapema, kidogo kidogo. Na asiyemaliza akumbushwe kwa ujumbe wa faragha. Orodha ya majina ya wenye deni haina kazi kwenye grupu.

3. Pesa za kikundi zikae peke yake

Mweka hazina akichanganya mchango na pesa zake za matumizi, hata kama ni mwaminifu, maswali yatakuja. Tumieni akaunti tofauti, na kila wiki atume jumla iliyoingia na iliyotoka.

Kabla ya kutuma arbuni ya malazi, pigeni simu, kisha mlipe kwa Paybill au till yenye jina la biashara. Jina likitokea, lisome vizuri kabla ya kukubali malipo. Likiwa la mtu msiyemjua, simameni hapo. Kiingilio cha Mbuga ya Meru hulipwa kupitia eCitizen, si keshi langoni, kwa hivyo lipieni mkiwa bado na mtandao mzuri.

4. Dereva naye ni mmoja wenu

Barabara ya Embu kwenda Meru hupita Daraja la Nithi, ambapo basi lilitumbukia Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 30. Msimharakishe dereva, na msipange kupita huko usiku. Wekeni chakula na kitanda chake kwenye bajeti tangu mwanzo. Dereva aliyelala vizuri ni matumizi ya lazima.

5. Acheni kitu kule mlikokwenda

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Badala ya kubeba kila kitu kutoka supamaketi ya Nairobi, agizeni mukimo kwa kina mama wa pale na mnunue ndizi njiani. Anayewatembeza mlipeni moja kwa moja kwenye simu yake, siku hiyo hiyo. Ndiyo maana ya safari kuwa na maana: nyinyi mmepumzika, na mtu mwingine amepata karo.

Mkirudi, mweka hazina atume hesabu ya mwisho. Kikibaki kitu, hata shilingi 800, amueni pamoja: kirudi kwa wenyewe au kianzishe mchango wa mwaka ujao. Ukiona watu wanauliza "tunaenda wapi tena?", jua pesa zenu zilifanya kazi.