TUPIME MALISHO KABLA YA KUNUNUA TREKTA

Kila chombo kwa wimbile, walinena wazee wetu, na usemi huo hauna ubishi kwa yeyote aliyekulia katika fukwe za Unguja na Pemba. Nahodha hatweki tanga la jahazi juu ya ngalawa, maana anajua kwamba upepo wa kwanza utakaovuma utakipindua chombo na kuwamwaga waliomo. La ajabu ni kwamba hekima hii, tunayoitii bila ya kuambiwa tuwapo baharini, aghalabu tunaiacha ufukweni tunapogeuka kwenda mashambani. Huko huonekana trekta kubwa limefungwa mashine ndogo ya kukatia majani, au mashine pana ikiburutwa na trekta lisiloiweza. Kisha tunashangaa kwa nini zana zimelala chini ya mwembe huku malisho yamegeuka kuwa msitu.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Linawahusu wafugaji wetu, linavihusu vyama vya ushirika, na linawahusu kwa namna ya pekee watumishi wa Serikali wanaotia saini hati za kununulia zana. Fedha ya umma ikishageuka kuwa chuma kisichofaa, hairudi tena kuwa fedha.

Tukumbuke tulikotoka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa kwa wananchi kwa vipande vya eka tatu tatu. Kwa muda mrefu ufugaji wa ng'ombe wa maziwa katika kisiwa cha Unguja ulisumbuliwa na mbung'o, mdudu anayeeneza ugonjwa wa nagana. Kuanzia 1994 madume ya mbung'o yaliyozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yalimwagwa kutoka angani juu ya kisiwa. Mbung'o wa mwisho alionekana 1996, na 1997 Unguja ikatangazwa kuwa imesafika. Mlango wa ng'ombe wa maziwa ukafunguka. Lakini ng'ombe wa maziwa hali tangazo. Anakula majani, na majani hayo hayana budi kutunzwa.

Malisho yasiyokatwa huharibika kwa njia inayojulikana. Ng'ombe huchagua majani matamu na kuacha magugu. Magugu yakaachwa hukomaa na kumwaga mbegu. Miche ya mipera na vichaka vya miiba ikapata nafasi. Na baada ya misimu michache mfugaji anabaki na ardhi ile ile yenye chakula nusu ya kile cha awali. Dawa yake ni kufyeka mara baada ya mifugo kuondolewa, kabla magugu hayajatoa mbegu, na kuacha majani yenye urefu wa kama sentimita 10 hadi 15 ili yachipue upya. Anayekata hadi kwenye udongo huua majani aliyotaka kuyaokoa.

Sasa ni zana gani ifanye kazi hiyo? Hapa ndipo wengi tunapoanzia mkiani. Huchaguliwa kwanza trekta, kwa ukubwa wake au kwa rangi yake, kisha hutafutwa mashine ya kulifunga, na mwisho kabisa huulizwa litafanya kazi wapi. Utaratibu ulio sahihi ni kinyume chake: yapimwe malisho, malisho yatuambie upana wa mashine, na mashine ituambie nguvu ya trekta.

Tuanze na malisho. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Chukua upana wa mashine kwa mita, zidisha kwa mwendo wa trekta kwa kilomita katika saa, kisha gawanya kwa 10. Utapata hekta zinazokatwa kwa saa moja lau trekta lisingegeuka wala kusimama. Kwa kuwa hugeuka na husimama, ondoa sehemu moja katika tano. Mashine ya mita 1.5 ikienda kilomita 5 kwa saa hutoa hekta 0.75, ukiondoa ile sehemu hubaki hekta 0.6. Eka tatu ni kama hekta 1.2, kwa hiyo shamba zima humalizika kwa saa mbili.

Saa mbili! Na kama shamba hilo litafyekwa mara nne kwa mwaka, ni saa nane tu. Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mwenye eka tatu peke yake hana haja ya kumiliki trekta. Mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono, au fyekeo na jirani wawili, vinamtosha. La pili, wafugaji ishirini wa kijiji kimoja wakishirikiana wanapata kazi ya saa 160 kwa mwaka, na hapo trekta dogo la pamoja huanza kuwa na maana, hasa likibeba pia maji na samadi.

Tuje kwenye nguvu. Kwa mashine ya kufyekea yenye visu vinavyozunguka, kanuni inayokubalika ni nguvu za farasi 5 kwa kila futi moja ya upana, pale ambapo majani ni mazito na kuna vichaka. Kwa majani mepesi yanayokatwa mara kwa mara, farasi 3 au 4 kwa futi hutosha. Mashine ya mita 1.5, yaani futi 5, inataka basi farasi 25. Lakini tahadhari: hizo ni nguvu zinazofika kwenye shafti ya nyuma inayoendesha zana, wala si zile zilizoandikwa kwenye injini. Njiani hupotea sehemu, na kwa makadirio hufika asilimia 85 tu. Kwa hiyo trekta lenye injini ya farasi 30 ndilo linaloilingana mashine hiyo.

Itakuwaje tukifunga mashine pana kwenye trekta dogo? Shafti ya nyuma imekusudiwa izunguke mara 540 kwa dakika. Mzigo ukizidi, injini huelemewa, visu hupoteza kasi, na majani hulazwa na kung'olewa badala ya kukatwa. Dereva huongeza mafuta, injini huchemka, na kazi ya saa mbili huwa ya siku nzima. Kuna na hatari iliyo kubwa zaidi. Mashine nzito ikinyanyuliwa nyuma, sehemu ya mbele ya trekta huwa nyepesi. Kipimo cha kawaida ni kwamba magurudumu ya mbele yasibakiwe na chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu. Yakipungukiwa, usukani hauna kazi, na katika vilima vya Pemba trekta laweza kusimama wima na kumwangukia dereva.

Na itakuwaje tukifunga mashine ndogo kwenye trekta kubwa? Wapo wanaodhani kwamba nguvu iliyozidi haina madhara. Hayo si kweli. Trekta la farasi 75 ni pana kuliko mashine ya mita 1.5, hivyo magurudumu hukanyaga majani nje ya njia ya visu na kuyaacha yamelala bila kukatwa. Uzito wake, ambao hufikia kama tani 3, huushindilia udongo uliolowa masika hata maji na mizizi vikakosa pa kupita. Tena giaboksi ya mashine imetengenezwa kwa kiwango maalumu cha nguvu. Kisu kikigonga kisiki, trekta dogo huzimika. Trekta kubwa huendelea kusukuma, na kinachovunjika ni giaboksi.

Ni kweli kwamba watengenezaji wameweka kinga. Katika mashine nyingi ipo bolti laini iliyokusudiwa ikatike mzigo unapozidi, ili chuma cha bei ndogo kife kwa niaba ya chuma cha bei kubwa. Lakini bolti hiyo ikishakatika mara mbili tatu, fundi mwenye haraka hutia bolti ngumu au kipande cha nondo, akasifiwa kwamba ameikomesha shida. Hakuikomesha, ameihamisha kutoka kwenye bolti kwenda kwenye giaboksi. Tunawataka wakuu wa karakana waweke bolti za asili katika sanduku la kila trekta na kupiga marufuku mbadala wake.

Yafaa pia tuitazame ardhi yetu kama ilivyo. Mashariki ya Unguja ni nchi ya mawe ya matumbawe. Huko mashine ya visu hurusha jiwe kwa kasi ya kuua, kwa hiyo iwe na minyororo au mapazia ya kuzuia mbele na nyuma, shamba likaguliwe kwa miguu kwanza, na watoto wanaopenda kufuata trekta waondolewe. Katika malisho yaliyo chini ya minazi, trekta fupi linalogeuka katika nafasi ndogo lina thamani kuliko trekta lenye nguvu nyingi. Na kwa kuwa mara 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa nukta moja, hakuna mwenye kanzu, shuka au kanga anayestahili kuikaribia shafti inayozunguka, hata kama ina kifuniko.

Tunazijua hoja za upande wa pili. Huambiwa kwamba Serikali haiwezi kununua trekta kwa kila kazi, na kwamba trekta moja kubwa litalima mabonde ya mpunga na litafyeka malisho. Hoja hiyo ina uzito, na hatuibezi. Lakini mabonde na malisho huhitaji trekta katika msimu mmoja, mvua zinapoanza na kila kitu kinapoota. Katika kugombania huko, ng'ombe ndiye atakayesubiri. Na pale ambapo trekta kubwa lipo tayari, wala hapana fedha ya jingine, basi lisitafutiwe mashine ya bei rahisi. Litafutiwe mashine isiyopungua upana wa magurudumu yake, yenye giaboksi iliyothibitishwa kuhimili nguvu zake, na litumike katika malisho makubwa yaliyo tambarare, udongo ukiwa umekauka.

Kwa watumishi wanaohusika na manunuzi, twashauri kwamba hati yoyote ya kununua trekta la malisho isipitishwe mpaka iwe na majibu ya maswali manne yaliyoandikwa. Malisho yana ukubwa gani na yana mawe, vilima au miti kiasi gani? Mashine ya upana gani itayamaliza kwa saa ngapi? Mashine hiyo inataka farasi wangapi kwenye shafti, na ina uzito gani trekta lilibebe? Na bolti, visu na vipuri vyake vitapatikana wapi hapa visiwani, siku ya pili baada ya mgeni rasmi kuondoka?

Kwa wafugaji, twasema msione haya kuyauliza maswali hayo hayo katika mikutano ya ushirika. Fedha ni yenu na ng'ombe ni wenu. Pimeni malisho yenu kwa kamba kabla mvua hazijaanza, andikeni ukubwa wake, na mpelekeni bwana shamba karatasi hiyo. Zana itakayoletwa ipimwe kwa karatasi hiyo. Ikiwa haiafikiani nayo, irudishwe ingali mpya, kabla haijapakwa tope.