Uthibitishaji wa Watumiaji kwa Njia ya Saraka katika Programu za Ufuatiliaji wa Mitandao: Mfano wa Zabbix na LDAP

1.0 Utangulizi

Programu ya ufuatiliaji wa mitandao huhifadhi taarifa nyeti. Ndani yake mna orodha ya seva za taasisi, anwani zake, hali ya huduma zake na, mara nyingine, nywila zinazotumiwa kuvifikia vifaa. Pale ambapo programu hiyo ina akaunti zake za pekee, zisizohusiana na mfumo mkuu wa watumishi, hujitokeza tatizo linalofahamika: mtumishi huondoka kazini, akaunti yake ya barua pepe hufungwa, ilhali ile ya ufuatiliaji hubaki wazi kwa kuwa hakuna aliyeikumbuka.

Makala haya yanafafanua namna tatizo hilo linavyotatuliwa kwa kuiunganisha programu ya Zabbix na saraka ya watumiaji kupitia itifaki ya LDAP. Hoja kuu ni kwamba muunganiko huo huondoa sehemu kubwa ya hatari ya akaunti zilizosahaulika, lakini huzaa utegemezi mpya ambao, usipoandaliwa mapema, unaweza kumfungia nje msimamizi saa ileile anayohitajika zaidi.

2.0 Usuli

LDAP ilibuniwa kama njia nyepesi ya kuzifikia saraka za X.500, na ilielezwa katika waraka wa RFC 1487 mwaka 1993. Toleo la tatu, ambalo ndilo linalotumika sasa, lilitolewa mwaka 1997 na kuandikwa upya katika RFC 4511 mwaka 2006. Saraka hupangwa mithili ya mti: kila mtumiaji ni kiingilio chenye jina bainifu, kwa mfano uid=amina,ou=watumiaji,dc=mfano,dc=org, pamoja na sifa zake kama vile jina, anwani ya barua pepe na vikundi.

Dhana mbili hazina budi kutenganishwa. Uthibitishaji hujibu swali la mtumiaji ni nani. Uidhinishaji hujibu swali la anaruhusiwa kufanya nini. Saraka hujibu swali la kwanza. Swali la pili hubaki mikononi mwa Zabbix, hata pale vikundi vya saraka vinapotumika kama kigezo.

Si programu zote zinazofuata njia moja. Kiolesura cha Nagios, kwa mfano, huiachia seva ya wavuti kazi ya kuwathibitisha watumiaji. Hivyo, LDAP husanidiwa katika Apache kupitia moduli ya mod_authnz_ldap. Zabbix huwasiliana na saraka yenyewe kupitia kiolesura chake cha PHP, na kwa sababu hiyo huhitaji kiendelezi cha LDAP cha lugha hiyo.

3.0 Mchakato wa Uthibitishaji

Mchakato una hatua mbili. Kwanza, Zabbix hujitambulisha kwenye saraka kwa akaunti maalumu ya huduma, kisha hutafuta kiingilio kinacholingana na jina aliloandika mtumiaji. Pili, baada ya kulipata jina bainifu, hujaribu kujitambulisha upya kwa jina hilo pamoja na nywila ya mtumiaji. Saraka ikikubali, mtumiaji huingia. Ikirudisha msimbo 49, maana yake ni kwamba vitambulisho si sahihi.

Usanidi hufuata mantiki hiyohiyo. Msimamizi hutaja seva na lango lake, sehemu ya mti utafutaji unapoanzia, sifa ya kutafutia, na akaunti ya huduma pamoja na nywila yake. Katika OpenLDAP sifa hiyo kwa kawaida ni uid. Katika Active Directory ni sAMAccountName. Akaunti ya huduma inatosha kuwa na haki ya kusoma tu. Kuipa haki za msimamizi wa saraka ni kosa, kwa maana atakayeivamia seva ya ufuatiliaji ataipata saraka nzima.

Hadi kabla ya toleo la 6.4, lililotoka mwaka 2023, mtumiaji alilazimika kuundwa kwanza ndani ya Zabbix ndipo saraka imthibitishe. Tangu toleo hilo, akaunti inaweza kuundwa yenyewe mtumiaji anapoingia mara ya kwanza, na haki zake zikatolewa kulingana na vikundi vyake katika saraka.

4.0 Masuala ya Usalama

Suala la kwanza ni usimbaji. Katika njia iliyoelezwa, nywila ya mtumiaji hupita mtandaoni kutoka Zabbix hadi kwenye saraka. Bila TLS, hupita ikiwa wazi. Njia mbili hutumika: StartTLS kwenye lango 389, au muunganisho uliosimbwa tangu mwanzo kwenye lango 636. Cheti cha saraka kinapokataliwa, hujitokeza kishawishi cha kuzima ukaguzi wa vyeti. Kufanya hivyo huacha usimbaji bila uhakika wa nani yuko upande wa pili. Suluhisho sahihi ni kuisajili mamlaka iliyotoa cheti hicho.

Suala la pili ni nywila tupu. RFC 4513 inaeleza kuwa ombi lenye jina bainifu lakini lisilo na nywila huweza kuchukuliwa na seva kuwa la mgeni asiyejulikana, likajibiwa kwa mafanikio. Programu isiyo makini huweza kuyatafsiri mafanikio hayo kuwa uthibitisho. Kwa hiyo, jaribio la kuingia bila nywila ni sehemu ya lazima ya upimaji.

Suala la tatu ni tokeni za API. Hizi huundwa na kukaguliwa ndani ya Zabbix, wala haziombi nywila ya saraka. Kufunga akaunti katika saraka kusichukuliwe kuwa kumezibatilisha.

5.0 Utegemezi wa Mzunguko

Tatizo zito zaidi ni la kimuundo. Zabbix huifuatilia seva ya saraka. Saraka nayo ndiyo inayomruhusu msimamizi kuingia Zabbix. Saraka ikianguka, tahadhari hutumwa, lakini anayeipokea hawezi kuingia kuchunguza chanzo. Hali hiyohiyo hutokea nywila ya akaunti ya huduma inapokwisha muda wake: watumiaji wote hukataliwa ingawa nywila zao ni sahihi.

Zabbix hutoa njia ya kujinasua. Kikundi cha watumiaji kinaweza kuwekewa uthibitishaji wa ndani, hata kama mfumo mzima unatumia LDAP. Akaunti moja ya dharura katika kikundi hicho, yenye nywila ndefu iliyotunzwa mahali salama na ambayo kila matumizi yake hukaguliwa, inatosha. Ufanisi wake uthibitishwe kwa kuizima saraka kwa makusudi kabla ya mfumo kukabidhiwa.

6.0 Hitimisho

Uthibitishaji kwa njia ya saraka humpa kila mtumishi utambulisho mmoja, na huipa taasisi mahali pamoja pa kuufunga. Hata hivyo, kuingia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza si kipimo tosha cha usanidi huo. Vipimo stahiki ni vitatu: aliyeondolewa akataliwe, asiye na nywila akataliwe, na msimamizi aweze kuingia hata saraka ikiwa imezimika.