Mashine si Rangi: Mazungumzo na Seremala wa Buyenzi

Miongoni mwa askari waliorejea kutoka Somalia, ambako jeshi letu lilianza kupeleka vikosi mwishoni mwa mwaka 2007, wamo waliorudi na akiba kidogo, nao hutaka kuitumia kununua vyombo vya ufundi ili wawe na kazi ya kushika siku watakapovua sare. Sajini mmoja wa aina hiyo, aliyebakiza miezi michache kazini, alitujia na karatasi ya bei ya sanduku kubwa la mashine za umeme, akatuomba ushauri. Sisi hatuna elimu ya useremala. Chuo cha makadeti kilitufundisha mengine. Tukampeleka Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi hapa Bujumbura, kwa mzee mmoja ambaye amefanya kazi ya mbao kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mzee aliisoma karatasi ile kwa makini, kisha akairudisha.

"Afande," alisema, "sanduku hili lina vipande mia moja. Mwanangu huyu atavitumia kumi. Tisini vitalala, na hivyo kumi vitakatika kabla ya mwezi kwisha."

Kwa maoni yake, mnunuzi huitazama mashine na kuisahau biti, na hali biti ndiyo inayokula mbao. Akatuonyesha namna ya kuipima: aliilaza juu ya kioo na kuibingirisha kwa kidole. Iliyonyooka ilikwenda kimya. Iliyopinda ilirukaruka, na hata mashine bora haiwezi kuinyoosha. Juu ya mashine zenyewe, alituonya kwamba rangi na jina la kampuni mashuhuri hubandikwa kirahisi juu ya mwili wa bandia. Yeye huipima kwa uzito, hutikisa shina linaloshika biti kuona kama linacheza, kisha huuliza swali moja tu: makaa yake yanapatikana? Makaa hayo, vijiwe viwili vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota, huisha kwa kusuguana. Mashine isiyo na makaa dukani ni mzoga.

Tulimwuliza kuhusu mashine za betri, ambazo vijana huzisifu sana. Alikiri kwamba zamani alizidharau. Lakini umeme wetu hutegemea maji, kuanzia bwawa la Rwegura lenye megawati 18, lililoanza kazi mwaka 1986, hadi mitambo ya mto Rusizi. Na fundi wa Bujumbura anajua vyema maana ya kukaa mchana kutwa akingoja taa iwake. Sasa anayo keekee moja ya betri, huijaza umeme usiku na kuitumia mchana. Hata hivyo hamshauri anayeanza. Betri huchoka kabla ya mashine, betri ya kampuni moja haiingii katika mashine ya nyingine, na bei ya betri mbili huweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Aanze na ya waya, tena waya mnene. Waya mrefu mwembamba hupunguza nguvu ya umeme njiani, mota ikachemka na kuungua, kisha mwenyewe akalilaumu duka.

Hapo mazungumzo yakafika kwenye mashine ya kukatia chuma, na sauti ya mzee ikabadilika. Chini ya jicho lake la kushoto pana kovu. Siku moja, alisema, aliondoa kinga ya mashine ndogo ili apachike diski kubwa, kwa kuwa ndogo zilikuwa zimekwisha. Diski ikapasuka.

Tukafanya hesabu mbele ya sajini. Diski ya milimita 230 imeundwa izunguke si zaidi ya mara 6,600 hivi kwa dakika, yaani ukingo wake ukienda mita 80 kwa sekunde. Mashine ndogo huzunguka kiasi cha mara 11,000. Ukingo wa diski hiyo utapita mita 130 kwa sekunde, kasi inayozidi kilomita 470 kwa saa. Hakuna askari atakayesimama mbele ya chuma kinachoruka namna hiyo pasipo kujikinga, lakini wengi wetu tumeona kinga zikitupwa pembeni kwa sababu eti zinaziba macho. Mzee aliongeza kwamba hata diski ya kipimo sahihi huzeeka: tarehe ya mwisho imechorwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati, na yeye haigusi iliyopita.

Sajini aliikunja karatasi yake. Alasiri ile alinunua keekee moja ya waya, biti sita zilizopimwa juu ya kioo, makaa ya akiba na miwani ya kukinga macho. Mashine ya kukatia aliiacha. Mzee alimwambia aje kwanza wiki mbili kujifunza kuishika, bila malipo.

Tulipokuwa tukiaga, umeme ulikatika. Mzee hakuinua hata kichwa. Alinyoosha mkono, akachukua randa yake ya mbao, akaendelea na mlango aliokuwa akiusawazisha.