Bagamoyo, mahali njia ya kwetu ilipoishia

Jina la Bagamoyo wengi wetu tulilisikia tukiwa watoto. Wazee walilitaja walipokuwa wakisimulia habari za pembe za ndovu, minyororo na watu walioenda wasirudi. Lakini ni wachache waliokwenda kuuona mji huo kwa macho. Mwaka huu wamama watano wa kikundi chetu tulienda. Likelemba ya mwaka mzima ndiyo iliyotulipia nauli.

Tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukapanda treni ya kwenda Dar es Salaam. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ya zamani ya misafara: Ujiji, Tabora, kisha pwani. Ni kilometa 1,200 hivi. Sisi tulikaa kwenye viti, tukala ndizi na karanga za stesheni, na bado miguu ilivimba. Zamani watu waliotolewa Manyema walivuka ziwa, kisha wakatembea njia hiyo yote miezi mitatu au zaidi, wengine na pembe mabegani, wengine na watoto mgongoni. Mama mmoja kati yetu aliangalia dirishani muda mrefu, akasema: “Na huyo mtoto akilia usiku, ulimnyamazisha na nini?” Hakuna aliyemjibu.

Bagamoyo iko pwani, kama kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam, na ng’ambo ya bahari ni Unguja. Ni mji mdogo na mtulivu. Mitaa ya zamani ina nyumba za mawe ya matumbawe, milango yake ya mbao imechongwa maua, na kuta zingine zimeanguka. Ufukweni wavuvi wanashusha samaki, na wamama wanawakaanga pale pale kwenye mafuta.

Tulimuuliza kijana aliyetuongoza maana ya jina la mji. Akasema watu wanalieleza kwa namna mbili. Wengine wanasema wapagazi walipofika hapa walitua mizigo, wakapumzika: walibwaga moyo. Wengine wanasema ni kilio cha mtumwa: uache moyo wako hapa, maana ukipanda jahazi hutarudi. Sisi tuliona yote mawili yanaweza kuwa kweli. Njia ni moja, lakini anayelipwa na anayefungwa hawafiki na moyo mmoja.

Siku ya kwanza tulikwenda misioni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na misioni yao inahesabiwa kuwa ya kwanza ya Kikatoliki katika bara la Afrika Mashariki. Walikomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji. Masista walifundisha wasichana. Watoto hao walikuwa wametoka kwenye minyororo, lakini maisha yao yalipangwa kwa kengele: sala, masomo, shamba, na hata ndoa. Ni vizuri kuyajua yote, si mazuri tu. Katika nyumba ya zamani ya masista sasa kuna jumba la makumbusho, na humo tuliona minyororo. Ni mizito kuliko tulivyofikiri.

Nje kuna mbuyu mkubwa uliopandwa mwaka ule ule wa 1868. Shinani pake kinachungulia kipande cha mnyororo. Kinasimuliwa kuwa ni cha mama mmoja Mfaransa aliyetunza wagonjwa, aliyekuwa akifunga hapo punda wake. Alipoondoka mnyororo ulibaki, mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza.

Karibu na hapo kuna mnara wa kanisa la kwanza. Mwezi wa pili mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa hapo usiku mmoja kabla ya kupelekwa Unguja, na kutoka huko Uingereza. Jina lake sisi wa Kongo tunalijua. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba, siku wafanyabiashara wa watumwa walipofyatua bunduki katikati ya soko. Mamia walikufa, wengi wao wamama waliokuja kuuza samaki na vyungu; wengine walizama mtoni wakikimbia. Aliyoyaandika yalisomwa Uingereza, yakaongeza hasira juu ya biashara hiyo. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Vitabu vinawasifu Susi na Chuma, waliobeba mwili huo kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Kijana wetu alituongezea jina la Halima. Alikuwa mpishi wa msafara, naye alikuwa mtumwa. Livingstone aliandika katika daftari lake kwamba atamkomboa na kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Akafa kabla ya kutimiza. Halima alitembea na maiti hiyo hadi pwani. Wamama, mara ngapi tumepika njiani kwa watu ambao majina yao ndiyo yanayobaki?

Siku ya pili tulikwenda Kaole, kilometa chache kusini. Ni magofu ya mji wa Waislamu wa karne nyingi zilizopita, wenye msikiti na makaburi ya nguzo ndefu. Kuna kaburi la mwanamke anayeitwa Sharifa, na hadi leo watu wanakwenda kuomba hapo. Tulivua viatu, tukajifunika vichwa kwa vikwembe vyetu, tukakaa kimya kama wengine. Kati yetu wako Wakatoliki, Waprotestanti na Mwislamu mmoja. Hakuna aliyeulizwa dini yake.

Lakini habari iliyotushika zaidi tuliipata jioni, nyumbani kwa bibi mmoja mzee aliyetukaribisha chakula. Tulishaanza kuzoea kusema “shikamoo” kwa kila mkubwa, maana kule mtu akipita bila kusalimia anaonekana hakulelewa. Alitupa wali wa nazi, samaki, na sombe, ambayo wao huiita kisamvu na huipika kwa tui la nazi. Tulipomwambia tumetoka Kongo, akacheka: “Basi nyinyi ni Wamanyema! Sheikh wetu alikuwa wa kwenu.”

Alimaanisha Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kama Sheikh Ramiya. Alizaliwa upande wetu, mashariki ya Kongo, akachukuliwa akiwa mtoto, akafikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya tajiri Mwarabu. Alijifunza dini mpaka akawa mwalimu, kisha kiongozi wa tarika ya Qadiriyya. Watu walikuja kutoka mbali kwa ajili ya maulidi yake. Waingereza walipoutwaa mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, walimfanya liwali, yaani mkubwa wa mji. Alifariki mwaka 1931. Mtoto aliyeletwa kama mzigo, mji mzima ukaja kumsalimia kama baba.

Tulifurahi, tukapiga hata vigelegele. Ndipo mama mmoja wetu akauliza: “Na mama yake aliitwa nani?”

Bibi alinyamaza. Akasema hajui, hakuwahi kusikia. Mama huyo akainama. Yeye mwenyewe alimpoteza mtoto wake wa kiume tulipokimbia vita. Mtoto alikuwa na miaka minne, na hakujua kusema jina la mama yake isipokuwa “Mama”. Bibi alihama mkeka wake, akakaa karibu naye, akamshika mkono. Hakuna aliyehubiri.

Wamama, hilo ndilo tulilorudi nalo. Watoto waliochukuliwa kwetu hawakuyeyuka. Walijenga, walisali, walizaa, walifundisha. Kilichopotea ni jina la nyumba waliyotoka. Tuliporudi tulikubaliana katika kikundi: kila mama atanunua daftari la shule na kuandika majina ya mama yake, bibi yake na mama wa bibi yake, pamoja na kijiji. Na kila mtoto anayejua kusema atafundishwa kama wimbo: jina langu kamili, jina la mama yangu, jina la baba yangu, kijiji chetu. Wakati wa kukimbia, mtoto anaweza kuporwa begi. Kile anachokijua kwa moyo ni vigumu kumpora.

Mkitaka kwenda, shaurini mapema habari za karatasi za mpaka na nauli ya kurudi. Vaeni vikwembe virefu, bebeni kitambaa cha kichwa, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na wekeni pesa kidogo ya kiingilio na ya kijana anayeongoza. Mkifika, msikimbilie ufukweni kwanza. Simameni kidogo chini ya mbuyu, tajeni majina ya wamama wenu kwa sauti. Kule njia ilipoishia, ni vizuri majina yetu yasikike.