Laki Tatu ya Dutumi: Anayekudai Atakuja Vipi?

Mkulima wa Dutumi, Kibaha Vijijini, anayetafuta laki tatu ya palizi ya ufuta hakosi pa kukopa. Simu iko mfukoni, kikoba kipo kijijini, na wakopeshaji wenye ofisi wapo mjini. Wengi huuliza pesa itatoka lini. Mimi ningeuliza kwanza: nikichelewa kulipa, atakuja nani, na atakuja na nini?

Tuichukue laki tatu hiyo kwa miezi mitatu. Mkopeshaji wa kausha damu akitoza asilimia 30 kwa mwezi, riba peke yake ni 90,000. Ukiwa unalipa riba tu, mwezi wa tatu umeshatoa 270,000 na laki tatu yake iko palepale. Mkopeshaji wa daraja la pili mwenye leseni ya Benki Kuu, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, amewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo ni 31,500 kwa miezi yote mitatu. Ila uliza ada, bima na pesa ya fomu kabla hujasaini. Riba ndogo hupenda kusindikizwa.

Mkopo wa simu una hesabu yake. M-Pawa ilipoanza mwaka 2014 ilitoza asilimia 9 kwa siku 30, yaani 27,000 kwa laki tatu. Kwa muuza duka anayezungusha mzigo kila wiki, sawa. Ufuta hauvunwi kwa siku 30, na ukishavunwa unasubiri mnada wa stakabadhi ghalani. Marejesho ya kila wiki nayo yana kasoro hiyohiyo: mkulima ataanza kuuza kuku ili alipe mkopo wa ufuta.

Kikoba kikitoza hata asilimia 5 kwa mwezi, utatoa 45,000, lakini riba hiyo inarudi kwenye mfuko wenu na sehemu yake utaipata siku ya kugawana. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, hauna riba kabisa. Unataka kikundi kilichosajiliwa na subira; kwa palizi ya wiki ijayo usiutegemee.

Sasa turudi kwa anayedai. Wanakikoba wakija, watakuja wakiwa majirani. Aibu ipo, na ikibidi runinga itabebwa, lakini mnaweza kukaa mkaongea. Wa kausha damu amejipanga tangu siku ya kwanza: anashika kadi ya benki na namba ya siri, au anakusainisha karatasi ya mauziano ya shamba badala ya mkataba wa mkopo. Karatasi hiyo usiisaini hata kama mgonjwa yuko hospitali. Ukiisaini, siku ya ugomvi wewe ndiye uliyeuza. Aliyeweka ardhi rehani kihalali ana kinga: Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 kwanza, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza.

Baadhi ya programu za kukopesha kwa simu zina mtindo wa kuwatumia meseji ndugu, bosi na mchungaji wako kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ukitendewa hivyo, hifadhi meseji zote na upeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni ya mwaka 2022. Deni linabaki deni, lakini kuwatangazia watu si njia ya kulidai.

Kuna jambo moja ambalo kikoba hakikupi: jina benki. Wakopeshaji wenye leseni hupeleka taarifa kwenye kanzidata ya wakopaji, na kampuni za Creditinfo na Dun & Bradstreet huziandalia benki ripoti. Elfu ishirini ya simu uliyoipuuza inaweza kukuchafulia ombi la mkopo wa pikipiki. Kwa hiyo ukiona mavuno yanayumba, nenda kabla ya tarehe ya rejesho, omba ratiba mpya, na uipate kwa maandishi. Afisa akija nyumbani usimpe fedha mkononi. Lipa kwa namba ya kampuni na utunze muamala. Deni usilolielewa, omba mchanganuo wa mtaji, riba na faini kila kimoja peke yake.

Siku ya rejesho la mwisho, dai barua ya kumaliza deni pamoja na hati ya kimila ya shamba, kama uliiacha kwa mkopeshaji. Baada ya muda omba ripoti yako mwenyewe kwa kampuni zile za taarifa za mikopo. Kama deni lile bado linasomeka, wapelekee barua hiyo uwatake warekebishe.