Mcheza kwao hutunzwa: Je, umaarufu wa muziki hulipa gharama zake?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

DAKAWA, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, hujulikana kwa mambo mawili: mpunga na barabara.

Mpunga hulimwa katika mashamba ya umwagiliaji yanayotegemea maji ya Mto Wami. Barabara ndiyo iliyochukua uhai wa aliyekuwa Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, Aprili 12, 1984. Ndiyo pia wanayoifuata vijana wa Wilaya ya Mvomero wanapoamua kuacha jaruba na kwenda Dar es Salaam kutafuta jina katika muziki.

Kwa kijana anayeondoka, hesabu huonekana nyepesi. Ataimba, redio zitampiga, watu watamfahamu, na fedha zitafuata. Wazazi wanaobaki nyumbani hufanya hesabu nyingine. Huuliza mtoto wao atapoteza nini njiani, na kama hicho atakachokipata kitatosha kufidia.

Swali hilo si geni mkoani Morogoro. Kabla ya kizazi cha muziki wa kizazi kipya, mji huu unaoitwa "mji kasoro bahari" ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya muziki wa dansi Afrika Mashariki. Maisha ya wanamuziki wake yanatoa jibu lililo wazi kuliko nasaha nyingi.

Aliyetaka kwenda Cuba

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Akiwa kijana alizipenda mno santuri za muziki wa Cuba zilizokuwa zikiingia nchini wakati huo, kiasi cha kutoroka nyumbani kwa nia ya kufika huko zilikotoka. Safari yake iliishia Mombasa.

Alirejea Morogoro na kuanza muziki kwa dhati. Bendi yake, Cuban Marimba, ikawa moja ya bendi zilizopendwa zaidi nchini katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 alifariki dunia katika ajali ya gari, akiwa hajafikisha miaka 40.

Bendi haikufa naye. Juma Kilaza aliichukua na kuiongoza, na jina la Cuban Marimba likaendelea kusikika kwa miaka mingi.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na Morogoro Jazz, mpinzani mkubwa wa Cuban Marimba. Humo ndimo alimopata sifa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi aliyezaliwa mwaka 1944. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa bendi hiyo waliokwenda Osaka, Japan, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 aliondoka na kuunda bendi yake, Super Volcano.

Januari 1979, akiwa ziarani nchini Kenya, Mbaraka naye alifariki dunia kwa ajali ya gari katika eneo la Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Hivyo, katika kipindi cha miaka 14, Morogoro ilipoteza nyota wake wawili wakubwa, na wote wawili kwa ajali za barabarani.

Kwa nini barabara?

Msomaji anaweza kudhani kuwa hiyo ni bahati mbaya tu. Lakini ukitazama jinsi muziki wa jukwaani unavyoendeshwa, utaona kuwa barabara ni sehemu ya kazi yenyewe.

Bendi huishi kwa viingilio vya mlangoni. Mji mmoja hauwezi kujaza ukumbi kila usiku kwa wapenzi wale wale, hivyo bendi hulazimika kuhama kutoka mji hadi mji. Onyesho huanza usiku na kumalizika karibu na alfajiri. Baada ya hapo vyombo hufungwa, hupakiwa kwenye gari, na safari huanza huku kila mmoja akiwa na usingizi machoni.

Fedha iliyopatikana mlangoni nayo haiendi yote mfukoni mwa mwanamuziki. Kuna mwenye ukumbi, kuna mafuta ya gari, kuna chakula na malazi, kuna matengenezo ya vyombo. Kinachobaki ndicho hugawanywa kwa watu wengi. Kwa hiyo, ili mwanamuziki apate cha kupeleka nyumbani, hana budi kusafiri tena wiki inayofuata.

Machi 21, 2011 mkoa wa Morogoro ulikumbushwa jambo hili kwa namna ya kuhuzunisha. Gari lililokuwa limewabeba wasanii wa kundi la Five Stars Modern Taarab, waliokuwa wakirejea Dar es Salaam kutoka ziara ya nyanda za juu kusini, lilipata ajali usiku karibu na Mikumi. Watu 13 walipoteza maisha.

Ajali hizo ndizo gharama inayoonekana. Ipo na nyingine isiyotangazwa redioni. Mwanamuziki hayupo nyumbani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wengine hukaa na watoto wao. Hayupo kwenye harusi za ndugu, isipokuwa akiwa amekodiwa kutumbuiza. Misiba humkuta safarini. Anayelala mchana na kukesha usiku huishi katika nyumba moja na familia yake, lakini katika saa tofauti.

Gharama hiyo haimwangukii yeye peke yake. Mke, mume, watoto na wazazi hulipa sehemu yao, ingawa hawakupigiwa makofi hata mara moja.

Jina lake, mali ya nani?

Wapo watakaosema kuwa kila kazi ina sadaka yake. Dereva wa lori husafiri usiku, muuguzi hukesha wodini, askari hupelekwa mbali na nyumbani. Hoja hiyo ni ya kweli. Tofauti ni kwamba wafanyakazi hao, wanapoajiriwa rasmi, hutarajia mshahara wa kila mwezi na mafao ya uzeeni. Mwanamuziki wa Tanzania, kwa miaka mingi, alitoa sadaka hiyo hiyo na kubaki na jina tu.

Sababu zake zinaeleweka. Baada ya Uhuru, bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana ya chama tawala, na Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mfumo huo ulikuwa na faida, kwa kuwa mwanamuziki alilipwa mshahara. Hata hivyo, magitaa, ngoma na vipaza sauti havikuwa vyake. Akiondoka, aliondoka mikono mitupu.

Kwa upande wa kurekodi, mlango mkuu ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ndiyo iliyompa mwanamuziki jina kutoka Mtwara hadi Bukoba. Lakini kupigwa redioni hakukumaanisha kulipwa kila wimbo ulipopigwa. Waliotaka santuri zao zichapishwe na kuuzwa walitegemea zaidi kampuni za Nairobi.

Mbaraka alikuwa mmoja wao. Baada ya kifo chake, kampuni ya Polygram ya Nairobi ilitoa mfululizo wa santuri zake ulioitwa "Ukumbusho". Sauti yake iliendelea kuuzwa, ilhali bendi yake haikudumu.

Kisha zikaja kanda za kaseti. Mtu yeyote mwenye redio mbili za kunakili aliweza kufungua duka na kuuza nyimbo za mtu mwingine. Marijani Rajabu, aliyepewa jina la "Jabali la Muziki", alikuwa miongoni mwa waimbaji wenye sifa kubwa kuliko wote nchini katika miaka ya 1970 na 1980. Hakuwa na vyombo vyake mwenyewe. Katika miaka yake ya mwisho alijipatia riziki kwa kuuza kanda jijini Dar es Salaam, hadi alipofariki mwaka 1995.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Neno kutunza lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kumpa mchezaji zawadi papo hapo anapocheza. Maana ya pili ni kumhifadhi na kumwangalia. Marijani alipata kwa wingi kile cha kwanza. Cha pili hakukipata.

Sheria imebadili nini?

Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na kwa sheria hiyo ikaanzishwa Cosota, chombo cha kusimamia haki za watunzi na wasanii.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kazi ya mtunzi hulindwa katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, tungo za Mbaraka Mwinshehe zinalindwa hadi mwaka 2029. Za Salum Abdallah zilifikia ukomo wake mwaka 2015.

Maana yake ni kwamba muziki ni mali inayorithika kama shamba. Mwenye redio au ukumbi anayeutumia anapaswa kulipa, na malipo hayo, yaitwayo mirabaha, ni ya mtunzi au warithi wake. Januari 2022 Cosota iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wa muziki. Ukizigawa kwa mamia ya wanufaika, si fedha za kujengea nyumba. Hata hivyo, ni hatua ambayo kizazi cha Mbaraka hakikuiona.

Intaneti nayo imefungua milango mipya. Kijana wa leo anaweza kurekodi Morogoro mjini na kusikika Muscat au London siku hiyo hiyo. Lakini mlango huo nao una mlinzi, na mlinzi huyo huitwa mkataba. Harmonize alipoondoka katika lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019, alieleza hadharani kuwa alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili awe huru, na kwamba aliuza nyumba zake kwa ajili hiyo. Lebo hugharimia studio, video na matangazo, hivyo ina haki ya kurejesha mtaji wake. Muhimu ni kwamba anayetia saini ajue bei ya kutoka kabla ya kuingia.

Wala njia mpya hazijaondoa upweke wa safari. Mei 28, 2013 Albert Mangweha, aliyejulikana kama Mangwair, alifariki dunia nchini Afrika Kusini, mbali na nyumbani. Alizikwa Kihonda, Morogoro, kando ya barabara ile ile iendayo Dakawa, na umati mkubwa ulijitokeza kumsindikiza.

Sadaka yenye kusudi

Dakawa yenyewe ina kumbukumbu ya watu walioacha makwao. Kuanzia mwaka 1982 hadi 1992, wakimbizi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini walikuwa na makazi yao hapa, wakijenga shule na karakana huku wakisubiri nchi yao iwe huru.

Miongoni mwa Waafrika Kusini waliopita katika uhamisho wa aina hiyo alikuwa mwimbaji Miriam Makeba, ingawa yeye aliishi kwingineko. Mwaka 1960, akiwa Marekani na jina lake likianza kuvuma, alifiwa na mama yake. Alipotaka kwenda kumzika, aligundua kuwa pasipoti yake imefutwa na Serikali ya makaburu. Hakuikanyaga ardhi ya kwao tena hadi Juni 1990.

Ni vigumu kutaja gharama kubwa kuliko kukosa kumzika mzazi. Hata hivyo, Makeba aliutumia umaarufu wake kuieleza dunia, hadi katika Umoja wa Mataifa, habari za dhuluma iliyokuwa ikiwapata watu wake. Alichokitoa kilikuwa kikubwa, na kilichonunuliwa kilikuwa kikubwa vilevile.

Mfano huo unasaidia kujibu swali la wazazi wa Dakawa. Umaarufu peke yake hauwezi kufidia usingizi, ndoa, wala uhai. Kinachoweza kuipa maana sadaka ya mwanamuziki ni kitu kinachobaki baada ya makofi kwisha: kazi njema, kipato kinachowafikia waliobaki nyumbani, au manufaa kwa jamii. Pasipo kimojawapo, jina hubaki kuwa deni linalolipwa na watoto.

Kwa hiyo, kijana anayepanda basi Dakawa hana sababu ya kukatazwa. Anastahili kuulizwa maswali machache. Je, tungo zake amezisajili? Je, mkataba aliopewa umesomwa na mtu anayeielewa sheria? Je, anaweka akiba katika mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao hupokea hata wasio na mwajiri? Je, katika safari za usiku, nani anaendesha gari, na amelala saa ngapi?

Na sisi mashabiki tuna swali letu pia. Mwanamuziki anapopanda jukwaani tunasimama na kumtunza kwa noti. Wimbo wake unapopigwa katika baa, basi au redio ya mtaani kwetu bila yeye kulipwa, hatusemi neno. Jibu la swali kwamba umaarufu unalipa au haulipi, nusu yake liko mikononi mwetu.