Kabla Baba Hajashuka Kitonga

Akina mama wengi tumewaachia mafundi mambo ya pikipiki. Lakini ikiharibika safarini, ni sisi tunaokesha tukisikiliza mlio wake. Siku hizi nyingi ni za mapigo manne, ila zile za mapigo mawili bado zimo katika nyumba kadhaa, nazo zina masharti yake.

Pistoni yake hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli. Kipimo hufuata kitabu cha mtengenezaji. Kwa nyingi za zamani ni lita 1 ya oili kwa lita 20 za petroli. Oili ikipungua, injini hunoki na gurudumu la nyuma laweza kukwama ghafla.

Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo petroli huzidi na plagi huwa nyeusi. Fundi huweka jeti ndogo katika kabureta. Lakini baba akipita Iringa na kushuka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, hewa huwa nzito, petroli haitoshi, injini huchemka. Basi asafiri na jeti yake ya kwanza. Heri plagi nyeusi kuliko injini iliyonoki.

Tena, mteremkoni asifunge mafuta moja kwa moja, kwani oili nayo hukatika. Afungue kidogo mara kwa mara huku akitumia breki.

Nasi nyumbani, tusiweke mchanganyiko huo katika chupa ya soda. Mtoto ataunywa.